Geti la Baba Mkwe

Nimezika shangazi wanne ambao mpaka leo ni wazima, wanalima viazi huko Kilolo, na hawajui kama niliwahi kuwaua. Malaria nimeugua mara nyingi kuliko mtu wa bondeni, ilhali mimi nakaa Uyole, ambako mwezi wa saba hata mbu akithubutu kuja anakufa kwa baridi. Vifo hivyo na malaria hizo nilikuwa nampelekea msimamizi wangu kazini, mwezi baada ya mwezi, kwa sababu kulikuwa na jambo moja ambalo mdomo wangu ulikataa kulitamka. Tumbo la hedhi. Hilo tu, hakuna kingine.

Wengine wanasema tumbo lao linakata. La kwangu halikati, linakamua. Linanikamua kama tambara la kudekia, linapumzika kidogo nidhani yamekwisha, halafu linakamua upya, na maumivu yanashuka mpaka magotini. Siku ya kwanza natapika. Siku ya pili naweza kusimama. Siku ya tatu ni mtu kama watu, na ukiniambia juzi nilikuwa nagaagaa chini naweza hata kukubishia. Ugonjwa wa siku moja hauna ushahidi, na mimi nilijifunza kuishi na uongo wake.

Kwetu Iringa mama yangu alikuwa na dawa moja: jikaze. Alichemsha maji, akayaacha yapoe kidogo, akayatia kwenye chupa ya juisi, akaizungushia khanga na kunipa niikumbatie. Chupa ikipoa alinipa jembe. Hakuwa mkatili, mama yangu. Aliamini kwamba msichana akishalizoesha tumbo kulala, litamlaza maisha yake yote. Nikajikaza. Wahehe tunasifiwa kwa hasira, na mimi nadhani nilipewa fungu langu na la jirani, kwa hiyo maumivu nilikuwa nayabeba kwa kukasirika. Nikiwa kwenye siku zangu nilikuwa nagombana na kuku, na sufuria, na mtu yeyote aliyeniuliza nina nini.

Nilipoolewa na kuja Mbeya nilipata kibarua kwenye kiwanda cha kufungasha maparachichi, nje kidogo ya mji. Kazi yenyewe ni kusimama. Maparachichi yanakuja kwenye mkanda, wewe na wenzako mmejipanga huku na huku, unashika, unageuza, unaangalia: zuri kwenye boksi la kwenda nje ya nchi, lenye kovu kwenye kreti ya sokoni, laini tupa pembeni. Mkanda haumngojei mtu. Nyuma yenu upo mlango wa chumba cha baridi, na kila ukifunguliwa baridi inakupiga kiunoni. Siku za kawaida unapiga stori na kucheka. Siku ile ya kwanza ya mwezi, ule mlango nilikuwa nauchukia kama mtu aliyeniibia.

Sisi tulikuwa vibarua wa msimu. Matunda yakiisha mnaagwa, mnarudi nyumbani mpaka mwaka mwingine. Lakini msimu ninaousimulia hapa walitutangazia kwamba baadhi yetu watapewa ajira ya kudumu, mkataba wa mwaka mzima, na bima ya afya, na likizo ya uzazi. Ajira ile niliitaka sana. Mume wangu yuko Madibira kwenye skimu ya mpunga, anarudi mwisho wa mwezi akijaliwa, na mimi nilikuwa nimechoka kukaa nusu mwaka nachungulia njia. Nilitaka kuwa mtu mwenye kazi. Masharti yalikuwa mepesi kuelewa: ukikosa kazini mara tatu bila kibali, unaandikwa mtoro, na jina lako linafutwa.

Kufikia mwezi wa sita nilikuwa na utoro mara mbili. Wa kwanza ulitokana na shangazi wa nne. Msimamizi alinitazama usoni akasema shangazi hao wanakufa kwa zamu, na akakataa kunipa ruhusa, nami nikabaki nyumbani hivyo hivyo. Wa pili sikutoa hata sababu, nilizima simu nikalala nimejikunja. Umebaki mmoja, nikajiambia. Nilikuwa naomba Mungu tumbo liangukie Jumapili.

Basi asubuhi moja kabla ya kuanza kazi tukakusanywa uwanjani. Afisa utumishi mpya, kijana aliyeletwa kutoka Dar es Salaam, akasimama juu ya kreti akatangaza kwamba tangu sasa kila mwanamke ana haki ya siku moja kila mwezi. Akaitaja kwa jina lake, siku ya hedhi, kwa sauti ile ile ambayo angetangazia gambuti mpya. Wanaume wa kubeba mizigo wakaangua kicheko. Mmoja akauliza kama na wao watapewa siku ya kuvumilia wake zao. Sisi wanawake tukawa tunakagua gambuti zetu. Mimi nilifurahi na kukasirika kwa pamoja: nilifurahi kwa sababu nimepata njia, nikakasirika kwa sababu nimeipata mbele ya wale.

Utaratibu ukaelezwa. Ukizidiwa unamwambia msimamizi wako, anakuandikia kibali, unakipeleka mwenyewe getini. Mlinzi anaandika kwenye daftari jina lako, saa ya kutoka na sababu, unasaini, naye jioni anapeleka vibali vyote ofisini. Bila kupita getini, afisa akasema, kibali ni karatasi tu.

Hapo wenzangu wa mkandani wakageuka kunitazama, mmoja mmoja, kwa huruma kabisa. Mlinzi mkuu wa geti lile alikuwa baba mkwe wangu.

Nieleze, maana najua wapo watakaosema sasa shida iko wapi. Nimeolewa na Wanyakyusa. Kwao mke wa mtoto hakutani na baba mkwe uso kwa uso. Hampi mkono, hali naye, hamtaji jina, na akimwona njiani anapisha na kujifunika. Siku hizi wapo walioyaacha hayo, hasa hapa mjini, lakini wakwe zangu ni watu wa Tukuyu walioshika mambo yao, na mimi mgeni kutoka Iringa nilikuwa nimeapa kwamba hatatokea wa kusema yule Mhehe hana adabu. Na wasiojua wanadhani ni kunyanyaswa kwa mwanamke peke yake. Hapana, naye ananikwepa. Mzee yule akisikia sauti yangu kwa mama mkwe, anaacha chai yake anatokea mlango wa nyuma. Tuliheshimiana kwa kukimbiana.

Pale kiwandani tulikuwa na mpango ambao hakuna aliyeupanga. Asubuhi nilikuwa naingia katikati ya kundi, khanga kichwani. Yeye akisikia wanawake wanakuja anaingia kwenye kibanda chake, na mlinzi mwenzake ndiye anayekagua mikoba. Jioni hivyo hivyo. Misimu miwili tulipita pale bila neno. Nilikuwa namjua kwa kikohozi, kwa kofia na kwa mgongo. Kwa hiyo lilipokuja suala la kibali nikajituliza: nitampa yule mlinzi wa pili, yeye ataandika, mambo yatakwisha.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, mwezi wa saba, baridi ya kutoa moshi mdomoni. Mlinzi wa pili alikuwa amekwenda msibani Makambako, msiba wa kweli. Niligundua hilo nikiwa nimeshafika kwenye mkanda, na tumbo likiwa limeshaanza. Nikameza vidonge viwili vya maumivu nikavitapika chooni pamoja na uji. Nikarudi nikasimama. Maparachichi yakawa yanapita mbele yangu mimi nayaona kijani tu, na nikaanza kutia yaliyolainika kwenye maboksi ya nje.

Msimamizi wetu ni mama wa Kisafwa, mwembamba, macho yake hayapitwi na kitu. Akaja akachukua moja, akaliminya, kidole kikazama.

"Wewe Mhehe, leo amekufa shangazi yupi?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Ni tumbo."

"Tumbo la nini?"

"La mwezi," nikasema, na nilikuwa nimelisema kwake mara ya kwanza.

Akalitupa lile tunda pembeni. "Mwaka mzima unanizikia ndugu, kumbe ni hili. Mficha maradhi kifo humuumbua, dada." Akatoa kitabu cha vibali mfukoni, akaandika jina langu, na pale kwenye sababu akaandika HEDHI kwa herufi kubwa. Akachana. "Nenda kalale."

"Getini yupo nani?"

"Yupo mzee." Yeye ni mtu wa hapa, hakuhitaji kufundishwa. Akatazama mkanda, akatazama mlango, akapunguza sauti. "Ningekupelekea mwenyewe, mwanangu, lakini wanataka saini ya mwenye kibali. Na ukipenya bila kusaini huo ni utoro wa tatu. Siwezi kukuficha."

Nikakunja kile kibali nikakitia mfukoni mwa aproni, nikaendelea na kazi. Ndiyo, niliendelea. Nilijikaza kisabuni kwa karibu saa nzima, nikiwa na ruhusa yangu mfukoni, kwa ajili ya mgongo wa mzee mmoja. Nilikuwa naona hasira mpaka machozi yananitoka. Nilimkasirikia yule kijana wa Dar aliyepanga mambo bila kuuliza. Nilijikasirikia na mimi, maana wenzangu wanne walishaniambia nenda tu, ugonjwa hauna mkwe. Mwishowe magoti yakakataa, nikashika ukingo wa mkanda, na msimamizi akanitoa pale kwa kunishika kwapa.

Kutoka mlangoni mpaka getini ni uwanja wa changarawe, mahali pa malori kugeuzia. Baba mkwe alikuwa amekaa nje kwenye stuli anaota jua. Aliponiona, akainuka akageukia ukuta. Mimi nikasimama karibu na rundo la kreti, khanga usoni. Tukabaki hivyo. Yeye hawezi kuondoka kwa sababu geti haliachwi, mimi siwezi kusogea kwa sababu yeye yupo. Likaja lori likapiga honi, akafungua kwa kurudi kinyumenyume, akafunga, akarudi kwenye ukuta wake. Dereva alitushangaa mpaka akapunguza mwendo.

Tumbo likakamua. Nikachuchumaa, nikawa napumua kwa mdomo, na nadhani nilitoa sauti, sikumbuki. Nikasikia kikohozi. Mzee akaingia kibandani, akatoka na lile daftari, akachukua stuli yake, akaibeba mpaka katikati ya uwanja akiwa amenipa ubavu, akaweka daftari juu yake na kalamu juu ya daftari. Akarudi getini akasimama kutazama barabara.

Nikajikokota mpaka kwenye stuli, nikapiga magoti. Daftari lilikuwa na mistari iliyopigwa kwa rula na mwandiko mzuri wa mtu aliyefanya kazi za reli. Nikasoma majina ya juu yangu, wote wanawake ninaowafahamu, wa mkandani na wa jikoni. Sababu: malaria. Malaria. Homa. Msiba. Malaria. Nikafunua ukurasa wa nyuma, majina yale yale, siku zile zile za mwezi, malaria. Wiki kadhaa zilikuwa zimepita tangu tupewe ile siku na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameitaja. Mbeya yote ile ya baridi, malaria gani hiyo yenye kalenda? Nilitaka kucheka nikashindwa.

Nikaandika jina langu. Nikaandika saa nne na nusu. Nikasaini. Kwenye sababu kalamu ikasimama. Malaria sikuwa tayari tena kuiandika. Na lile neno jingine, kwa mwandiko wangu, kwenye daftari ambalo baba mkwe wangu atalisoma nikiwa bado nimepiga magoti pale, sikuliweza. Nikapaacha patupu. Nikakunja kibali mara mbili zaidi, nikakiweka chini ya kalamu, nikainuka.

Alifungua geti akajificha nyuma yake, nikapita. Nje palikuwa na bodaboda anasubiri abiria. Nikasikia sauti ya mzee ikimwambia dereva, haikuniambia mimi: "Huyo abiria ni mgonjwa. Barabara ina mashimo, nenda polepole." Dereva akaenda polepole kweli, mpaka nikataka kumgombeza.

Nyumbani nilimkuta mama mkwe. Yeye ndiye anayebaki na mwanangu nikiwa kazini. Simu ya mzee ilikuwa imemfikia kabla yangu. Maji yalikuwa jikoni, uji wa ulezi umeiva, na mdomo wake nao ulikuwa tayari.

"Siku hizi mna bahati," akasema huku ananivua viatu. "Sisi tulichuma chai na matumbo yetu. Nani alitupa likizo?"

"Hakuna, mama."

"Hakuna. Na hatukufa. Kunywa uji."

Nilikunywa, nikalala, nikaamka tumbo limelegea. Jioni mama mkwe alikwenda kwake kumpa mzee chakula, halafu akarudi mbio na kitu kwenye pindo la khanga. Kilikuwa kile kibali, bado kimekunjwa kama nilivyokikunja. "Mzee anasema aliikuta hii karatasi kwenye daftari. Hakuifungua. Anasema ya ndani ni yako, si yake kuyaona." Nilishukuru sana. Niliona nimepata mkwe mwenye heshima kuliko wakwe wote wa Mbeya, nikakitia kibali kwenye kikombe cha juu ya kabati. Sote watatu tulikuwa tumefanya adabu kwa kiwango cha juu, na hakuna aliyekumbuka kwamba karatasi ile ilitakiwa ifike ofisini.

Wiki mbili baadaye orodha ya wanaopewa ajira ikabandikwa ukutani. Jina langu lilikuwepo, limepigwa mstari mwekundu, pembeni pameandikwa: utoro, mara tatu.

Sikumbuki nilivyopanda ngazi za ofisi ya afisa utumishi. Afisa alinifungulia daftari la getini: jina lipo, saini ipo, sababu hakuna, na kibali hakijafika. Nikamwambia kibali ninacho nyumbani. Kesho yake nikakileta. Akakigeuza huku na huku, akasema si kwa ubaya, "Dada, hiki huletwa na mlinzi siku hiyo hiyo. Wewe unakileta leo, jina lako likiwa limeshafutwa. Nitajuaje hakikuandikwa jana?"

Msimamizi wangu akaitwa, akaapa kwamba aliandika yeye. Afisa akasema kila msimamizi anawatetea watu wake, hilo halimshangazi. "Aliyekupokea getini ni nani? Aitwe."

Nikainuka nikatoka.

"Mbona unamkimbia shahidi wako?" akauliza. Nikamsikia yule mama wa Kisafwa akimwambia kwa ukali kidogo, "Ni mkwe wake, bosi. Hawawezi kukaa chumba kimoja. Muulize tu."

Nilikaa kwenye benchi la koridoni, mgongo kwenye ukuta wa mbao nyembamba, khanga mpaka puani. Mzee akapita, nami nikatazama chini. Mlango ukafungwa, lakini ukuta ule haukuwa unazuia kitu.

"Mzee, huyu alitoka siku hiyo?"

"Alitoka."

"Kwa kibali?"

"Kwa kibali. Alikiweka kwenye daftari."

"Kilisema nini?"

"Sikukifungua."

"Sasa mzee wangu, daftari ni lako. Sababu umeacha patupu, kibali hukukifungua, hukukileta. Mimi nitaandika nini hapa? Huyu alikuwa na nini?"

Pakawa kimya. Pale ndipo kazi yangu ilipokuwa imeshikwa, kwenye kimya kile, na nilijua. Angesema sijui, hakuna Mnyakyusa ambaye angemlaumu. Na mimi nisingemlaumu, nasema kweli, ningerudi nyumbani nikachungulia njia ya Madibira. Angeweza pia kusema malaria, sababu ambayo geti zima lilishaizoea, lakini ingepingana na kibali na kunimaliza kabisa.

"Alikuwa na hedhi," akasema baba mkwe wangu.

Nikasikia mtu akiguna, karani nadhani, na kicheko kidogo kikifuata.

"Usicheke," mzee akasema. Sauti yake haikupanda. "Mimi sikumwona, sisi hatuonani. Nilimsikia. Alikuwa huko kwenye kreti anapumua kwa mdomo. Upumuaji ule naujua. Mke wangu alikuwa anapumua hivyo kila mwezi, wakati tuko kwenye mashamba ya chai, kabla sijaenda reli. Siku moja akabaki amelala. Nikamwita mvivu. Nikamtoa kitandani mbele ya watoto, akaenda kuchuma, akaangukia huko kwenye mistari ya chai, wakamleta kwenye tenga. Nilisema anajifanya. Mpaka leo sijamwambia kwamba nilikosea, umri huu nilio nao." Akakohoa. "Hilo daftari nimeliandika misimu minane. Wanawake wenu wote wana malaria. Mimi si mjinga, naandika wanachoniambia. Nipe kalamu, hapo patupu nitajaza mwenyewe."

Nikasikia kiti kikivutwa, halafu kalamu kwenye karatasi. Anaandika polepole, mzee yule.

Alipotoka niligeukia ukuta. Nyayo zake zilikaribia benchi, zikasimama kidogo, zikaendelea. Hatukusemeshana. Mpaka leo hatujasemeshana.

Jina langu lilirudishwa mchana ule ule, kwa kalamu ya bluu juu ya mstari mwekundu, na mkataba nikasaini mwisho wa msimu. Msiniulize kama wanawake wote sasa wanasema neno lile getini. Wapo wanaosema, mimi nikiwa mmoja wao, namtumia mlinzi wa pili. Wengine malaria bado inawashika, na siwacheki.

Lakini nilikuwa nasimulia siku ile. Nilifika nyumbani jioni, mama mkwe yuko jikoni anamenya ndizi za kupika, mtoto analala mgongoni kwake. Nikamwambia jina limerudi. Akamshukuru Mungu, akauliza limerudije. Nikamweleza habari ya kibali, ya afisa, ya mzee kuitwa. Nilipofika kwenye mashamba ya chai nikasita, sikujua kama ni yangu kuyasema. Nikayasema, yote, kama nilivyoyasikia ukutani.

Kisu kikasimama.

"Alisema hivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya afisa, na karani, na msimamizi wangu."

"Neno mvivu alilitaja?"

"Alilitaja. Akasema alikosea, na hajawahi kukuambia."

Mama mkwe akatazama mlangoni, upande wa nyumba yao. Halafu akachukua ndizi nyingine, akaishika tu bila kuimenya.

"Rudia," akaniambia. "Anzia pale aliposema naujua ule upumuaji."

Nikarudia. Alisikiliza ameinamisha kichwa, na nilipomaliza akaniambia nirudie tena.